Nilivyoachana na msafara Lisbon nikaenda kuiona dhahabu ya Kilwa

Mtanzania akiwa Ulaya na msafara wa hija, akaomba kwenda mahali peke yake, jambo la kwanza linalomjia kiongozi kichwani ni kwamba huyu anataka kuzamia. Siwalaumu viongozi. Viza za Schengen hupatikana kwa jasho, na mtu mmoja akitoweka, kundi la mwaka unaofuata ndilo linalokwenda kujieleza ubalozini. Kwa hiyo niliposema mezani kwamba kesho yake sitafuatana na wenzangu madukani, pakawa kimya. Kisha mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akasema, "Mwalimu, na umri huo?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini kiongozi hakucheka.

Tulikuwa tumerudi Lisbon kutoka Fatima. Hija yenyewe sina la kulalamikia: tulisali mahali ambapo Lucia, Francisco na Jacinta walisimulia kumwona Bikira Maria mwaka 1917, tulifanya maandamano ya mishumaa usiku, na mimi nililia kama wengine. Ila nilikuwa na shauri langu jingine Lisbon, la tangu zamani, na ratiba haikuligusa.

Nilifundisha historia sekondari Kilwa Masoko mpaka nikastaafu. Kila mwaka nilikuwa nawavusha wanafunzi kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Tunazunguka Msikiti Mkuu, tunapanda Husuni Kubwa huku jua limetukalia utosini, tunamalizia Gereza, ile ngome iliyo pwani. Hapo kivulini ndipo nilipokuwa nawasimulia kwamba mwaka 1502 Vasco da Gama alifika na merikebu zenye mizinga, akamtishia Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kwamba asipokuwa chini ya mfalme wa Ureno, mji utateketezwa. Ibrahim akakubali kutoa dhahabu kila mwaka. Dhahabu hiyo ikapandishwa melini, ikafika Lisbon mwaka 1503, na Mfalme Manuel wa Kwanza akaamuru itengenezwe monstransi, chombo cha kuwekea Hostia, yaani mkate wa Ekaristi, ili waamini waiabudu. Hapo hakukosekana mtoto wa kuuliza, "Sasa hivi iko wapi, mwalimu?" Nilikuwa najibu kutoka kitabuni: iko Lisbon, Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes.

Basi nimefika Lisbon, halafu nipelekwe kuangalia viatu?

Nilijipanga tangu nyumbani, na nadhani hilo ndilo lililonisaidia kuliko maneno. Nilipomwendea kiongozi pembeni nilikuwa na karatasi iliyoandikwa: Misa ya asubuhi nitakuwa na kundi, baada ya Misa naondoka, nitakwenda kwa miguu mpaka uwanja wa Figueira, nitapanda basi namba 714 mpaka makumbusho, nikimaliza nitapanda basi hilohilo mpaka Belém, na saa tisa na nusu alasiri mtanikuta kwenye mlango wa kanisa la monasteri ya Jerónimos, ambako ratiba yenu inawaleta. Chini nikaandika namba yangu ya simu na kwamba kifurushi cha simu cha kutumia nje ya nchi ninacho. Hata siku nilikuwa nimeitazama, maana makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa Jumatatu, na hiyo ilikuwa Alhamisi.

Akataka nimwachie pasipoti. Hapo nikakataa. Mgeni katika nchi ya watu anatakiwa awe na kitambulisho chake, na askari akinisimamisha nimwambie nini, kwamba iko kwa kiongozi wetu dukani? Nikamwambia sanduku langu liko hotelini, tiketi ya kurudi unayo wewe, na kila nikifika mahali nitakutumia ujumbe. Hakuridhika. Aliyetukata kauli ni Paroko, aliyekuwa anakunywa chai meza ya pili akijifanya hasikii: "Mwalimu amewavusha bahari watoto wa watu na kuwarudisha miaka yote hiyo. Atajirudisha mwenyewe."

Asubuhi tulisali kanisa la Mtakatifu Antoni, lililojengwa mahali panapotajwa kuwa nyumba aliyozaliwa. Sisi tumezoea kumwita Antoni wa Padua, lakini ni mtoto wa Lisbon. Hatua chache kupanda juu liko kanisa kuu, ambalo lilianza kujengwa baada ya Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, kuuteka mji kutoka kwa Waislamu mwaka 1147. Nikawaaga wenzangu palepale barazani. Wengine walinitazama kama wananisindikiza safari ndefu.

Ushauri wangu wa kwanza kwa atakayefuata nyayo zangu ni viatu. Njia za miguu za Lisbon zimetandazwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vimesuguliwa na nyayo mpaka vinang'aa, na mji wenyewe ni wa milima. Ukiteremka na viatu vya ngozi vya kanisani utafika chini kabla ya wakati wako. Mimi nilivaa raba chini ya gauni la kitenge, na wala sikuona haya. Wa pili ni pochi: vaa mbele, hasa ukitaka kupanda tramu namba 28, ile ya njano inayopendwa na watalii, kwa maana wezi wa mfukoni nao wanaipenda.

Mitaa ya bondeni, Baixa, imenyooka kama imepigwa rula. Haikuwa hivyo zamani. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko liliuangusha mji. Likafuatiwa na mawimbi makubwa kutoka mtoni, kisha moto. Waziri aliyekuja kuitwa Marquis wa Pombal akaujenga upya kwa mistari. Ukiinua macho unaona matao ya kanisa la Wakarmeli, ambalo mpaka leo limeachwa bila paa.

Sikukaa sana Baixa, ni maduka matupu. Ila pembeni ya uwanja wa Rossio nilisimama kuliko nilivyopanga. Kuna kanisa la Mtakatifu Dominiko, lililoungua mwaka 1959, na kuta zake za ndani hawakuzifunika: nguzo zimepasuka, mawe yamebanduka kwa moto. Nje yake liko jiwe la ukumbusho la Wayahudi waliouawa mwaka 1506. Wayahudi wa Ureno walikuwa wamelazimishwa kubatizwa mwaka 1497, na miaka tisa baadaye, siku za Pasaka, ghasia zikaanzia ndani ya kanisa hilo, zikaua zaidi ya watu elfu moja. Huo 1506 ndio mwaka ambao monstransi ya Kilwa ilikamilika. Sikuwa nimewahi kuiweka miaka hiyo miwili pamoja, na darasani sikuwahi kufundisha hilo la pili.

Kiwanja hicho kina Waafrika wengi, hasa wa Guinea-Bissau, wamesimama wanaongea, wengine wanauza kokwa za kola. Mama mmoja aliniona na kitenge akaniamkia kwa Kireno. Nikamjibu "bom dia" na nikaishia hapo, ndiyo yote niliyokuwa nayo pamoja na "obrigada". Akaniuliza natoka wapi. Niliposema Tanzania, akageuza ulimi: "Karibu dada!" Kumbe ni wa Msumbiji, Cabo Delgado, kule kaskazini karibu na mto Ruvuma, na Kiswahili chake cha pwani kilinishinda mimi niliyesomea. Yeye ndiye aliyeniepusha na usumbufu kwa dereva: aliniambia nisilipe fedha taslimu ndani ya basi, ni ghali zaidi, ninunue kadi kwenye mashine ya metro na kutia salio humo. Tukashuka wote kituoni, akabonyeza vitufe kwa niaba yangu. Nikamwuliza kama ameiona dhahabu ya Kilwa. Hakuwahi kuisikia, na anaishi mji huo miaka mingi. "Ukiiona isalimie," akasema.

Basi la 714 nililipanda Figueira, nikakaa karibu na dereva, simu mkononi na ramani niliyoipakua hotelini ili isitegemee mtandao. Sikuihitaji sana. Nilimwonesha dereva jina la mtaa limeandikwa kwenye karatasi, na tulipofika akaniita.

Nadhani nilikwenda moja kwa moja bila kutazama kingine. Makumbusho hayo yana picha maarufu, ikiwemo ile ya mchoraji Bosch ya vishawishi vya Mtakatifu Antoni, si yule wa Lisbon bali abate wa Misri, na viwambo vya kukunja vya Kijapani vinavyowachora Wareno wakishuka melini na mapua yao marefu. Hayo nilirudi kuyaona baadaye. Nilimwuliza mlinzi "Custódia de Belém", ndilo jina la monstransi hiyo kwa Kireno, na akanielekeza.

Iko ndani ya kioo. Picha za vitabuni hazikuniandaa kwa jinsi kazi yake ilivyo ndogondogo. Urefu ni kama mkono wa mtu mzima, lakini humo kuna kanisa zima: nguzo, minara, malaika. Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka mahali pa kuweka Hostia, kila mmoja na uso wake, nguo zao zimepakwa rangi za enameli. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe, Roho Mtakatifu, ametundikwa ili ayumbe chombo kikitembezwa. Juu kabisa yuko Mungu Baba. Kwenye shingo ya chombo kuna matufe sita ya pete, yale ya wanajimu, ambayo yalikuwa alama ya Mfalme Manuel, yaani dunia yote chini ya ufalme wake. Kazi hiyo inasemwa ni ya sonara Gil Vicente. Na chini, kuzunguka kitako, kuna maandishi yanayosema kwamba mfalme aliamuru itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ikakamilika mwaka 1506. Jina la Kilwa limo, kwa tahajia yao ya zamani. Hawakuficha. Waliandika kwa kujivuna.

Mkono ulitaka kufanya ishara ya msalaba, nikauzuia, kwa kuwa ndani hamna Ekaristi, ni chombo tu sasa. Siku chache nyuma nilikuwa nimepiga magoti Fatima mbele ya monstransi, na sikujiuliza imetoka wapi. Hii najua imetoka wapi. Waliotoa dhahabu yake walikuwa Waislamu wa Kilwa, na hawakuombwa sadaka, walitajiwa mizinga. Na mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja akaupora mji kwa sababu kodi haikuendelea, akajenga ngome. Kwa hiyo sonara alipoikamilisha kazi hii, mji uliotoa malighafi ulikuwa umekwisha kuporwa. Niliizunguka mara nyingi mpaka mlinzi akaja kusimama karibu. Nikamwambia kwa Kiingereza nimetoka huko Kilwa. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akarudi nyuma akaniacha.

Nilikula mkate kwenye bustani ya makumbusho, inayotazama mto Tejo, nikamtumia kiongozi picha. Alijibu kwa kidole gumba.

Belém nilifika mapema. Msafara ulipoteremka kwenye basi na mifuko yao nilikuwa mlangoni. Ndani ya kanisa la Jerónimos, ukiingia tu, pana kaburi la Vasco da Gama, la jiwe, sanamu yake imelazwa juu yake mikono imekutana kwa sala. Monstransi ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba hiyohiyo. Ilitoka baada ya mashirika ya kitawa kufutwa Ureno mwaka 1834, ikapelekwa kwenye kiwanda cha sarafu, na Mfalme Fernando wa Pili ndiye aliyeiokoa isiyeyushwe. Mwongozaji alipomaliza habari za njia ya kwenda India, Paroko akanikonyeza. Nikaeleza yangu.

Mama wa WAWATA akawa wa kwanza: "Basi warudishe." Mzee mmoja, mhasibu mstaafu, akamdaka: "Warudishe wapi? Kilwa nao waliipata Sofala." Ni kweli, na Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji, waliipata bara, kwenye migodi ya nyanda za Zimbabwe. Mabishano yakapanda mpaka mlinzi akatunyamazisha kwa kidole. Mimi nilisema ningetosheka kwa kuanzia kama kila mtoto anayevushwa kwenda Kisiwani angeoneshwa picha ya monstransi hii akiwa amesimama palepale kwenye ngome ya Gereza. Mama yule akasema mimi ni mpole mno. Labda.

Usiku kiongozi alinigongea mlango. Ndege yetu ilikuwa ya jioni, na baadhi ya watu walimwomba asubuhi waende kuiona. Alikuja kuulizia namba ya basi. Nikamwambia 714, kutoka Figueira, na kadi zinunuliwe chini kwenye metro, kila mtu yake. Kadi yangu nikampa, bado ilikuwa na salio. Mimi sikwenda, nilikuwa na sanduku la kufunga.