Nilivyopanga ujenzi wa mitambo ya upepo baharini

Ratiba yangu ya kwanza ilipendeza kwenye karatasi. Niligawanya idadi ya mitambo ya kufua umeme kwa siku zilizopo, nikaongeza siku chache za dharura, nikaikabidhi. Meli ya ujenzi ilipofika ilikaa siku 9 bila kuinua kitu. Upepo tulioufuata kule ndio huohuo uliotuzuia kujenga.

Meli hizo hukanyaga sakafu ya bahari kwa miguu mirefu na kujiinua juu ya mawimbi. Kodi yake hulipwa ifanye kazi isifanye, na kila asubuhi ya zile siku 9 niliamka na hesabu hiyo kichwani.

Niliifumua ratiba yote nikaanza na swali moja: kazi hii inavumilia bahari ya namna gani, kwa saa ngapi mfululizo? Mafundi wakivuka kutoka boti ndogo kwenda ngazi ya mtambo, mawimbi ya mita 1.5 hivi ndiyo mwisho. Kufunga panga, lile bawa linalozungushwa na upepo, ni kugumu zaidi, kwani panga la mita 80 likining'inia kwenye kreni hugeuka tanga. Kisha nikachukua rekodi za upepo na mawimbi za miaka 20 za eneo lile, nikaipitisha ratiba katika kila mwaka kana kwamba tungejenga mwaka huo. Nikapata majibu 20 tofauti. Niliwapelekea wakuu jibu la miaka mibaya, tukabishana sana, nami sikurudi nyuma.

Umbali nao hula muda. Vindeby ya Denmark, shamba la kwanza la upepo baharini, mwaka 1991, lilikuwa na mitambo 11 karibu kabisa na pwani. Hornsea 2 ya Uingereza, iliyokamilika 2022, ina mitambo 165, kilomita 89 kutoka nchi kavu. Kwa umbali wa namna hiyo, bahari ikitulia saa 6 tu, boti inayotoka bandarini humaliza sehemu kubwa ya utulivu huo njiani. Ndiyo maana nilipigania meli ya malazi ikae palepale kwenye eneo la kazi. Sijutii hata senti moja ya gharama yake.

Jambo jingine ni mpangilio. Nguzo kwanza, mawe ya kuzuia mkondo usichimbe mchanga chini yake, halafu nyaya. Nilisisitiza umeme wa kutoka nchi kavu ufike kwa nyaya hizo kabla ya mitambo, kwa sababu mtambo uliosimama bila umeme huingiwa na unyevu wa chumvi, na jenereta za muda ni mzigo mwingine wa kubeba na kujaza mafuta.

Mtambo wa mwisho tuliufunga usiku, bahari ikiwa imetulia kwa saa 11. Kulipokucha mawimbi yalikuwa ya mita 3, na meli ilikwishakunja miguu, iko njiani kurudi bandarini.