Ninavyochagua sabuni ya maji ya kunawia mikono

Nikishika chupa ya sabuni ya kunawia, naigeuza nyuma kwanza. Mbele huwa kuna picha ya asali au mwarobaini. Nyuma ndiko iliko sabuni yenyewe. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, na vile visivyofika asilimia 1 huweza kuandikwa kwa mpangilio wowote. Mwarobaini ukitajwa baada ya manukato, ujue umewekwa kidogo sana.

Baada ya maji, naangalia kinachotoa uchafu. SLS (sodium lauryl sulfate) hukausha ngozi kuliko SLES (sodium laureth sulfate), na kwenye lebo zinatofautiana kidogo tu: "lauryl" na "laureth". Kwa mikono mikavu nachukua yenye SLES pamoja na betaini (kisafishaji laini, kwenye lebo huandikwa "betaine"), maana hupunguza ukali, na gliserini iwe miongoni mwa viambato vitano vya mwanzo. Wenye uso wa mafuta hudhani wanahitaji sabuni kali zaidi. Hapana! Kiganja hakina tezi za mafuta, kwa hiyo mikono yao hukauka kama ya wengine.

Mwenye pumu ya ngozi asome kuanzia mwisho wa orodha. Manukato, na vihifadhi ambavyo majina yake huishia na "isothiazolinone", huamsha mzio mara kwa mara. Mwili ukishaanza kukikataa kiambato, hata kiasi kidogo huleta muwasho.

Maneno ya "huua bakteria" siyalipii. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliondoa triklosani na viambato vingine 18 kwenye sabuni za kunawia za nyumbani, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya muda mrefu wala kwamba vinaishinda sabuni ya kawaida na maji.

Kazi kubwa iko kwenye sabuni za kupimiwa mtaani. Hapa Dar nyingi hutengenezwa kwa malighafi za Kariakoo: sulphonic acid (tindikali inayochanganywa na soda kupata kisafishaji), ungarol (ndiyo SLES), soda, chumvi, rangi na manukato. Lebo hakuna, kwa hiyo namuuliza mtengenezaji ameweka nini isiharibike. Akisema formalini, siinunui. Ni kiamsha mzio kinachojulikana. Kisha nachovya karatasi ya pH, inayopima kama sabuni ina tindikali (chini ya 7) au magadi (juu ya 7). Ngozi yenyewe iko karibu na 5, hivyo sabuni ya 5 hadi 7 naikubali. Ikifika 9 au zaidi, soda imezidi, ikadekie sakafu. Ikishuka hadi 3, tindikali haijamalizwa na soda, na hiyo huchoma. Uzito usikudanganye, kwani chumvi kidogo huifanya sabuni iwe nzito, na ikizidi inarudi kuwa nyepesi kama maji.

Wanaotumia maji magumu ya kisima watafaidika zaidi na sabuni hii ya maji kuliko ya mche, ambayo hushikana na kalsiamu ya maji na kuacha utando kwenye ngozi. Ila usiiongeze maji ili idumu. Kihifadhi kinapungua nguvu, na bakteria huzaana humo humo kwenye chupa.

Sabuni mpya naijaribu upande wa ndani wa kiwiko: napaka kidogo, naacha dakika 5, nasuuza, asubuhi na jioni kwa siku 7. Pakiwasha au pakitoka vipele, naacha kuitumia na kuandika viambato vyake, nivilinganishe na vya chupa itakayofuata.