Nani alikuwa kwenye lori

Katika familia yetu hakuna habari inayosimuliwa mara nyingi kama ya kuhama. Babu alipakia vyombo usiku kwenye lori, watoto wakakaa juu ya magodoro, na saa ya ukutani ikaviringishwa kwenye blanketi isivunjike. Mama mkubwa ndiye aliyeipakata. Hivyo ndivyo alivyonisimulia nilipomrekodi kwa simu, akanionyesha kwa mikono jinsi alivyoikumbatia, na jinsi alivyoinua magoti kila lori lilipoingia kwenye shimo.

Kisha nikamrekodi mjomba, mdogo wake. Lori ni lile lile, saa ni ile ile, ila aliyeipakata ni bibi. "Dada hakuwepo," akasema, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote. Mama mkubwa alikuwa ameachwa kwa shangazi yao amalize mwaka wa shule, akawafuata baadaye.

Baadhi ya ndugu waliposikia hayo walitaka nimrudie mama mkubwa nimsahihishe. Sikutaka, na sababu yake nilijifunza kwa Alessandro Portelli, Mwitalia aliyekusanya masimulizi ya wafanyakazi wa viwanda vya chuma mjini Terni. Kijana mmoja wa huko, Luigi Trastulli, aliuawa na polisi Machi 1949 wafanyakazi walipoandamana kupinga Italia kujiunga na muungano wa kijeshi wa NATO. Miaka mingi baadaye, wengi waliosimulia kifo hicho walisema kilitokea 1953, katika vurugu za wafanyakazi kuachishwa kazi kwa wingi. Portelli hakuwaita waongo. Aliuliza kwa nini kumbukumbu zao zilikihamisha kifo kile, akaona kwamba pambano la 1953 ndilo lililokuwa kubwa mioyoni mwao, na mwenzao hakustahili kufa kwa jambo dogo kuliko hilo.

Nami nikajiuliza: kwa nini mama mkubwa ajipandishe kwenye lori?

Nilisikiliza rekodi yake upya. Nilipomuuliza mwaka ule alisoma wapi, alinyamaza kwa muda, kisha akarudi kwenye saa. Mara mbili nilimuuliza, mara mbili akarudi kwenye saa. Naamini kuachwa kulimuuma kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Kwa wadogo zake, usiku ule ndipo maisha ya familia yalipoanza upya, naye hajakubali kuwa nje ya mwanzo huo. Blanketi, mashimo, magodoro, yote ameyasikia kwao maisha yake yote hadi yakawa yake.

Sisemi kwamba ukweli wa tarehe hauna maana. Jan Vansina, mwanahistoria Mbelgiji aliyekusanya masimulizi ya Wakuba nchini Kongo miaka ya 1950, alishikilia kwamba masimulizi ya mdomo ni ushahidi wa historia, na kwa hiyo yapimwe kwa makini kama hati zinavyopimwa. Cheti cha shule cha mama mkubwa kipo, na kinamuunga mkono mjomba. Lakini cheti hakiwezi kuniambia alikuwa anatamani kuwa wapi.

Kwa anayetaka kuanza na wazee wake: usimwambie mtu akusimulie maisha yake, utapewa yale yale ya kila sherehe. Muulize nani alilala chumba gani, nani alishika funguo. Andika pia nani mwingine alikuwa amekaa pale mkizungumza, maana mjomba akiwa na mkewe husimulia tofauti kabisa. Na ruhusa isiombwe mara moja tu mwanzoni. Mjomba alibadili mawazo kuhusu kipande kimoja, nikakifuta mbele yake.

Binamu zangu wananiomba niandike historia moja ya familia, yenye mtiririko. Siandiki. Nimewatumia sauti zote mbili, bila kusema ipi ni sahihi. Nikikaa tena na mama mkubwa sitamuuliza chochote kuhusu lori. Nitamuuliza kuhusu nyumba ya shangazi yao: alilala na nani, nani alimsuka nywele, na nani alimpa habari kwamba wenzake wameshahama.