Mana Haiwekwi Friza

Mkristo wa Unguja hana haja ya kujitangaza. Jina lako likishaitwa skuli, darasa zima limeshajua, na Ramadhani ikiingia wenzako wanakuuliza kama kwenu mchana mnapika. Mimi ni mzaliwa wa Jang'ombe. Babu yangu alikuja kutoka Unyamwezi kuchuma karafuu, akabaki. Nilibatizwa Mkunazini, kanisa kuu la Anglikana, ningali mchanga, na Ukristo wangu ukaishia hapo: jina, cheti, na gauni jipya la Krismasi. Mungu nilimjua kama mtu anavyomjua sheha wa mtaa wake. Unajua yupo, nyumba yake unaijua, lakini humwendei mpaka siku unapotaka barua.

Kilichonipeleka kwake ni kukatika kwa umeme.

Waliokuwepo wanakumbuka. Tarehe 10 Desemba 2009 Unguja nzima ilizimika. Hitilafu ilikuwa upande wa Fumba, pale ulipoibukia waya wa chini ya bahari uliokuwa ukileta umeme kutoka Bara, waya uliowekwa tangu 1980. Mwaka mmoja kabla, 2008, tulishakaa karibu mwezi mzima gizani, kwa hiyo tulijiona wazoefu. Tukanunua mafuta ya taa ya siku mbili tatu, tukasubiri. Umeme ulirudi Machi 2010.

Mimi nilikuwa na friza. Niliinunua kwa pesa za upatu, na kwa kuwa nilichukua zamu ya mwanzo, kila mwezi nilikuwa nikilipa kitu ambacho tayari ninacho. Alfajiri nakwenda diko la Malindi, nanunua vibua na dagaa, na vipande vya jodari bei ikikubali, narudi na ndoo kwenye daladala abiria wakinikunjia uso. Pembeni natia barafu za ukwaju na za bungo, hizo za watoto. Lakini friza ile ilinipa zaidi ya biashara. Upepo ukivuma wiki nzima na vyombo visitoke, mimi nilikuwa naifungua tu, natazama samaki waliopangwa kama kuni, nafunga, nalala usingizi mzuri. Mtu angeniuliza wakati ule tegemeo langu ni nini, jibu la kanisani ningelitoa upesi, lakini macho yangu yangekuwa kwenye friza.

Siku ya kwanza sikuinua mfuniko. Watu walisema baridi itakaa. Siku ya pili nikaifunika blanketi na magunia. Siku ya tatu maji mekundu yakaanza kuchuruzika chini, na joto la kaskazi mnalijua. Nikauza kwa nusu ya bei, kisha kwa bei yoyote, kisha nikagawa. Waliobaki mama aliwapasua, akawatia chumvi, akawaanika juu ya bati, na paka wa mtaa mzima wakahamia kwetu.

Mama alikuwa na desturi ya kusoma Biblia kila usiku kwa sauti, awe na msikilizaji au asiwe naye. Alianza Mwanzo akaendelea mbele, haruki hata zile orodha za majina. Usiku ule, kwa mwanga wa taa ya chemni, alikuwa amefika Kutoka, sura ya 16. Wana wa Israeli wako jangwani, mana inaanguka asubuhi, na kila mtu ameambiwa aokote ya kumtosha siku ile tu. Wapo wasiosikia wakaweka ya kesho. Mama akafika penye mabuu na uvundo, akanyamaza. Akageuza shingo polepole kuelekea friza.

"Endelea, mama," nikamwambia.

"Niendelee nini, na sura yenyewe iko pale inanuka?"

Tulicheka mpaka bibi wa nyumba ya pili akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Nilipomaliza kucheka nikalia, maana deni la upatu lilikuwa palepale. Mama hakunibembeleza. Alipandisha utambi akaendelea kusoma, akafika pale wanapoambiwa siku ya sita waokote maradufu kwa ajili ya Sabato, na hiyo ya akiba ikalala bila kuoza. Jambo hilo lilinikera. Nikamuuliza mbona ile ya mwanzo iliingia mabuu na hii haikuingia, na mana ni ileile.

"Hii aliwaambia waiweke," mama akajibu. "Ile walijiwekea kwa hofu." Akapuliza taa, mafuta yalikuwa ghali.

Nililala nikiwaza hayo. Nilikuwa nimekwenda kanisani tangu utotoni na hakuna mahubiri yaliyowahi kunikosesha usingizi.

Baada ya samaki ikaja shida ya maji, maana pampu nazo zinataka umeme. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa na kisima cha zamani cha kamba na ndoo, akakifungulia mtaa. Tulikuwa tunamwita Bibi tu, mtaa mzima, wakubwa na wadogo. Foleni ya madumu ilianza kabla ya alfajiri, na waliorudi kazini usiku walikuta kamba imeshafungwa. Siku moja akapiga hodi.

"Mwanangu, lile sanduku lako la samaki limekufa?"

"Limekufa, Bibi."

"Basi lioshe. Mimi nina maji, wewe una chombo. Lijaze mchana, wanaochelewa wapate pa kuchota."

Nililisugua kwa majivu na malimau mpaka mikono ikawasha. Friza ikawa tangi la mtaa. Usiku nasikia mfuniko unafunguliwa, kata inagonga pembeni, mtu anasema "ahsante" gizani nami simjui ni nani.

Riziki yenyewe tuliitafuta kwenye mkate wa ufuta. Mama aliujua vizuri: unga wa ngano, hamira, tui zito, ute wa yai, unaupiga kwa mkono mpaka uvute. Unautandaza kwenye kikaango kwa kiganja kilicholowa, ukishashika chini unakigeuza kikaango kizima uso utazame makaa, na hapo ndipo anapojulikana fundi, maana usioshika unaangukia motoni. Ile ya mwanzo yangu mingi iliangukia motoni. Unga tulikopa kwa Mpemba wa duka la pembeni. "Ukiuza utaleta," ndiyo yote aliyosema, akaandika kwenye daftari. Siuiti huo muujiza. Mpemba yule alikopesha nusu ya Jang'ombe miezi ile, na wengine hawakuwahi kusali hata mara moja.

Tatizo la mkate ni kwamba kinyunga hakilali, kinachacha. Unakanda cha leo, unachoma leo, unauza leo, unalipa duka, unatenga kidogo ya upatu, na unaloamka nalo kesho ni mikono yako. Wiki ya kwanza nilikuwa nakaa kitandani nikihesabu: mvua ikinyesha je, makaa yakipanda je, Mpemba akikataa je. Sijui ni usiku gani hasa niliacha kuhesabu. Ninachojua ni kwamba Krismasi ilipofika nilikuwa nimeshaacha.

Krismasi ya mwaka ule iliangukia Ijumaa. Asubuhi sisi tulipita Darajani kwenda Mkunazini, na majirani nao walikuwa wakipiga pasi kanzu zao kwa pasi za makaa, tayari kwa sala ya mchana. Kanisani kinanda kilikuwa kimya na spika zimekufa. Mishumaa iliwashwa, mtu mmoja akaanzisha wimbo, na jengo lile, na paa lake lile la tao, likabeba sauti zetu tupu kama vile lilikuwa likitungojea. Habari za Mkunazini nilikuwa nimezisikia mpaka zimenichosha, maana kila siku watalii wanasimuliwa: soko la watumwa lililofungwa 1873, jiwe la msingi lililowekwa Krismasi ya mwaka huohuo, Askofu Steere aliyelijenga kanisa, altare iliyojengwa pale ulipokuwa mti wa kuchapia watu. Asubuhi ile nilikumbuka jambo moja tu, kwamba ibada ya kwanza humu ilikuwa Krismasi ya 1877, nayo haikuwa na umeme. Nadhani miongoni mwa waimbaji wale walikuwemo waliokombolewa kutoka majahazini, watu ambao hawakuwa na akiba ya kitu chochote, hata ya jina la ukoo. Nao walisimama wakaomba Baba Yetu kwa Kiswahili hikihiki.

Tulipofika "Utupe leo riziki yetu" nilisikia sauti yangu mwenyewe. Niliisema sala ile maisha yangu yote, na moyoni nilikuwa nikiiongezea kimyakimya: ya kesho pia, na ya mwezi ujao, na akiba kidogo kama inawezekana. Safari hii nilikuwa sina cha kuongeza. Ya kesho hata angenipa nisingekuwa na pa kuiweka. Niliomba ya leo, nikaona inatosha, nikamwamini aliyeombwa. Ilikuwa hivyo tu. Sikuona nuru, sikusikia sauti, mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa akimfuta mtoto kamasi.

Baadaye nilimweleza mama, tukiwa njiani kurudi. Akasema, "Vizuri," kisha akaniuliza kama nilikumbuka kununua hamira pale Darajani. Nilikumbuka.

Umeme uliporudi mtaa ulipiga kelele, watoto wakakimbia na masufuria. Friza niliiuza mwaka uleule nikamalizia deni la upatu, maana mikate ilikuwa inatulisha. Siwashauri wenye friza wauze zao. Mama yangu angekuwa wa kwanza kunikumbusha ile mana ya siku ya sita.

Lililokuwa limebaki ni kipaimara, ambacho sikuwahi kukipata kwa sababu umri wa kukipata nilikuwa naona ni mambo ya kizee. Mafundisho yalikuwa Jumamosi alasiri, na wanafunzi wenzangu walikuwa watoto wa darasa la sita. Nilikwenda kumuaga Bibi, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku aliyokuwa akichukua mikate mingi kwa ajili ya wajukuu. Nilimweleza ninakwenda kusoma dini, nimechelewa lakini nakwenda. Alinitazama kwa muda.

"Dini njema," akasema. "Na mikate jee, Jumamosi nani atachoma?"

"Mama."

"Basi mwambie yangu asiikaushe. Haya, nenda, utachelewa."