Uria yuko wapi katika Zaburi ya 51?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekwama kwenye Zaburi ya 51, mstari wa 4: "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Wengi wetu tunaijua zaburi hii kwa moyo. Tumeisali wakati wa Kwaresima, tumeisoma usiku tulipokosa maneno yetu wenyewe ya toba. Ni toba ya Mfalme Daudi baada ya kumtwaa mke wa Uria, askari wake, na kuamuru Uria auawe. Lakini mstari huu unanisumbua. Peke yake? Na Uria je?

Kisa chenyewe kiko 2 Samweli 11, na mwandishi hafichi kitu. Jeshi liko vitani, Daudi amebaki Yerusalemu. Anamtwaa Bathsheba, mke wa Uria, naye anashika mimba. Uria anaitwa kutoka vitani ili alale kwake, mimba ipate baba. Hakubali. Sanduku la agano na wenzake wako vibandani, yeye aende nyumbani kula, kunywa na kulala na mkewe? Analala mlangoni pa nyumba ya mfalme pamoja na watumishi. Mwishowe anarudishwa vitani na barua mkononi, na ndani ya barua hiyo mna amri ya kumwua. Ameipeleka mwenyewe. Nikifika hapo huwa naifunga Biblia kwa muda.

Kisha inakuja sura ya 12. Nabii Nathani anamkabili mfalme, Daudi anasema amemfanyia Bwana dhambi, na palepale anajibiwa kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, hatakufa. Yote hayo katika mstari mmoja, wa 13. Uria yuko kaburini, Bathsheba amekwisha kumlilia mumewe, na aliyeamuru mauaji amesamehewa. Ni kweli mtoto alikufa, na upanga haukuondoka katika nyumba ya Daudi. Hata hivyo, ndugu yake Uria angekuwa pale siku ile, angesikiaje neno hilo la Nathani?

Jibu tulilofundishwa tangu darasa la kipaimara ni kwamba kila dhambi ni dhidi ya Mungu, kwa kuwa sheria ni yake na mtu tunayemuumiza ameumbwa kwa mfano wake. Naliamini jibu hilo. Kinachoniuma ni namna tunavyolitumia. Mtu amekula fedha za kikundi cha akina mama, akiba waliyoiweka wiki baada ya wiki. Jumapili anasimama mbele, analia, anaombewa, tunapiga vigelegele. Akina mama wakimwuliza habari ya fedha zao anasema, "Nimeshatubu, ya kale yamepita." Na sisi wenyewe tunawanyamazisha kwa "saba mara sabini". Hapo msamaha wa Mungu tumeugeuza kuwa risiti ya deni ambalo hakuna aliyelilipa.

Maandiko hayamtendei Uria hivyo. Orodha ya mashujaa wa Daudi katika 2 Samweli 23 inafungwa kwa jina lake: Uria, Mhiti. Daudi anaposifiwa katika 1 Wafalme 15:5, sifa hiyo ina kasoro moja iliyotajwa waziwazi, habari ya Uria. Na Mathayo, akiandika ukoo wa Masihi karibu miaka 1,000 baadaye, anasema Daudi alimzaa Sulemani kwa yule aliyekuwa mke wa Uria. Dhambi ilikuwa imeondolewa. Jina la aliyedhulumiwa halikufutwa, na limewekwa ndani ya ukoo wa Yesu mwenyewe.

Ndiyo maana nimeanza kuusoma mstari ule wa 4 kwa namna nyingine. Sura ya 11 inamalizika kwa kusema kwamba jambo alilolitenda Daudi lilikuwa baya machoni pa Bwana. Hakuna mwingine aliyesimama upande wa Uria: Yoabu, jemadari wa jeshi, alitii barua, na nyumba ya mfalme haikusema neno. Mungu ndiye aliyemtuma Nathani. Kwa hiyo Daudi anapomwambia Mungu "Wewe peke yako", anamwambia yule aliyesimama kuwa mtetezi wa Uria. Huwezi kumfikia Mungu huyo kwa kumzunguka Uria. Ukiendelea na zaburi hadi mstari wa 14, Daudi mwenyewe anaomba aponywe na damu za watu, yaani na hatia ya damu aliyoimwaga.

Torati ilikuwa na utaratibu wake. Katika Walawi 6, aliyedhulumu alirudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano, na alimpa mwenyewe siku ile ile ya kuleta sadaka ya hatia. Yesu anasema uiache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakununua wokovu kwa kulipa mara nne, kwani Yesu alikwisha kuingia nyumbani mwake kabla ya ahadi hiyo. Lakini neema ilipoingia, iliyafikia mpaka majina ya watu aliowatoza.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilielewa hili. Tangu miaka ya 1930, moto ule ulipotoka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, waliookoka waliungama hadharani, kisha wakarudisha walivyoiba kwa wenyewe. Waliita hayo kutembea nuruni. Natamani sana turudi hapo.

Linabaki jambo gumu. Daudi hakuweza kumlipa Uria. Wapo kati yetu ambao waliyemkosea amekwisha kuzikwa. Hesabu 5:8 inamtazama mtu wa namna hiyo: kama aliyekosewa hana hata jamaa wa karibu, malipo yanakwenda kwa Bwana, kupitia kuhani. Deni halikufutwa kwa sababu mwenyewe hayupo, na mkosaji hakuachwa bila mahali pa kulipeleka.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasoma Mathayo 18. Naomba tusianzie mstari wa 21, pale Petro anapouliza asamehe mara ngapi. Tuanzie mstari wa 15, ambapo Yesu anampa aliyekosewa ruhusa ya kwenda na kusema alichotendewa.