Wiki mbili nazungusha skrubu, kumbe tyubu ilikuwa chini

Kwenye mashine yangu ya kukata kwa leza, plaiwudi ya milimita 3 ilikuwa inakatika bila shida kwenye kona ya nyuma kushoto. Ukiisogeza kona ya mbele kulia, inaungua tu: mstari mweusi, moshi kibao, na kipande kimeng'ang'ania palepale. Nguvu sikubadilisha, kasi sikubadilisha. Wiki mbili nilikaa na spana ya L mkononi nikizungusha skrubu za vioo kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio mbovu.

Mashine yenyewe ni ile ndogo ya wati 40. Tyubu, lile bomba la glasi linalotoa mwale wa leza, imelala nyuma kabisa, urefu wake kama sentimita 70. Mwale ukitoka humo unagonga kioo cha kwanza kwenye kona, unapinda kuja mbele, unakuta kioo cha pili kwenye ncha ya daraja (ule mhimili unaokwenda mbele na nyuma juu ya reli), unapinda tena kulia hadi kioo cha tatu kilichomo kwenye kichwa cha kukatia, ndipo unashuka kwenye lenzi. Kichwa kikiwa nyuma kushoto safari ni fupi. Kikiwa mbele kulia ni ndefu, na kosa dogo la mwanzoni limeshapata nafasi ya kukua.

Na mwale wenyewe hauonekani. Urefu wa wimbi lake ni mikromita 10.6, jicho haliuoni, lakini wenyewe unaliunguza jicho vizuri sana. Kwa hiyo navaa miwani ya kinga iliyotengenezwa kwa leza ya aina hii, nafunga kifuniko, ndipo nabonyeza.

Kujua unapita wapi, nabandika utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, mbele ya kioo. Naushikiza kwenye fremu, si juu ya kioo chenyewe. Siku ya kwanza niliubandika juu yake, moshi wa gundi ukaganda pale, nikashinda nikifuta kwa spiriti na pamba. Nguvu naishusha, nagusa kitufe mara moja, inatokea alama ya kahawia kama kichwa cha kiberiti. Kwa kioo cha pili napiga mwale daraja likiwa nyuma, kisha napiga likiwa mbele, kwenye utepe uleule. Alama zikilaliana, mwale unakwenda sambamba na reli. Zikiachana, nazungusha skrubu za kioo cha kwanza hadi alama ya mbali ihamie kwenye ya karibu. Kioo cha tatu ni vivyo hivyo, kushoto na kulia, ila skrubu ni za kioo cha pili.

Hapo ndipo nilipokuwa najizungusha. Alama zilikuwa zinalaliana safi, lakini kwenye tundu la kichwa zilitua chini, ukingoni kabisa, na nusu ya mwale ikaishia kwenye chuma. Basi naugeuza mwale uelekee juu kwa skrubu ili ulipate tundu. Unalipata kushoto, kulia unapita juu. Narudisha, unashuka tena. Nikalaumu vioo, nikalaumu lenzi, nikaanza hata kulaumu plaiwudi.

Skrubu inageuza uelekeo tu. Mwale ulionyooka lakini uko chini hauhitaji kugeuzwa, unahitaji kunyanyuliwa. Nilipochukua rula, nikapima kutoka kwenye reli hadi katikati ya tundu la kichwa, kisha kutoka kwenye reli hadi alama ya kioo cha pili, tofauti ilikuwa milimita 3.

Nikachomoa plagi na kuiacha mashine muda mrefu, maana waya mwekundu unaoingia kwenye tyubu hubeba zaidi ya volti 10,000. Nikakata vipande vinne vya akriliki ya milimita 3 (nilikuwa nimevikata kwa leza hiyohiyo, kwenye ile kona yake nzuri), nikavisukuma chini ya vishikizo vyote viwili vya tyubu. Tyubu ni ya glasi nyembamba: nati unazikaza kwa vidole mpaka isicheze, basi. Ukiitia nguvu ya spana, utasikia mlio usioutaka. Nilipokuwa humo niligundua mdomo wa kutolea maji umeelekea pembeni, na povu limekaa juu karibu na ncha inayotoa mwale, sehemu isiyopoozwa hata kidogo. Nikaizungusha tyubu taratibu hadi mdomo ukatazama juu, nikawasha pampu peke yake, povu likatoka lenyewe.

Sasa kwenye kioo cha kwanza na cha pili alama inatua juu kidogo ya katikati. Zamani ningeikimbilia na spana. Kioo kina kipenyo cha milimita 20, mwale ni milimita chache tu, nafasi ipo tele. Kinachonihusu ni kwamba alama haihami, na kichwani inaingia katikati ya tundu.

Jana nilikata duara moja kila kona. Yote manne yalidondoka. La mbele kulia lilichelewa, likaning'inia kwa uzi mmoja wa gundi, kisha nalo likaanguka. Kingo zake zina mlalo kidogo, juu pana kuliko chini upande mmoja, kwa hiyo kioo cha tatu hakitupi mwale wima kwenye lenzi. Utepe umeshabandikwa chini ya kichwa.