Kabla nyama ya sumu haijatupwa

Malalamiko kuhusu mbwa katika miji ya Uganda kwa kawaida hupita njia ileile. Mtu ameumwa, mara nyingi mtoto. Mzazi anakwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, mwenyekiti anampigia daktari wa mifugo wa manispaa, na daktari huyo hana mafuta ya gari, hana kizimba wala friji ya kutegemewa. Kilicho karibu naye ni striknini, sumu kali ya kuulia wanyama: nyama itiwe sumu, itupwe usiku, mizoga izolewe alfajiri. Waokoaji wa mbwa hupata habari mizoga ikiwa tayari barabarani, na hapo ndipo matusi ya mtandaoni huanza. Hasira yao ni halali, lakini imechelewa, na haimpi yule daktari chochote cha kumjibu mzazi.

Kisheria kila upande una pa kushika. Afisa, yaani yule daktari wa mifugo, ana sheria ya kichaa cha mbwa, inayompa mamlaka juu ya mbwa wanaozurura. Mwokoaji ana sheria ya 1957 inayokataza ukatili kwa wanyama. Kupigana kwa vifungu hakujamaliza ugomvi huu. Jambo la maana zaidi ni kujua meza ya kwenda: sheria ya serikali za mitaa ya 1997 iliziweka huduma za mifugo wilayani, kwa hiyo barua kali inayopelekwa wizarani Entebbe hurudi palepale kwa afisa wa wilaya, naye anaipokea akiwa ameshanuna. Kampala, meza ni ya KCCA, mamlaka ya jiji.

Hoja inayomgusa afisa ni hesabu. Chukua mtaa wenye mbwa 100, ambao 70 wamechanjwa dhidi ya kichaa. Asilimia 70 ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaka ili ugonjwa ukatike. Sumu haisomi cheti. Ikiua 40 bila kuchagua, 28 kati yao ni waliochanjwa. Wanabaki 60, na 42 wana kinga. Chakula jalalani na machinjioni hakijapungua, basi watoto wa mbwa wanaishi kwa wingi na wageni wanaingia kutoka mitaa jirani. Idadi ikirudi 100, wenye kinga ni wale 42 tu. Jiji limegharamia sumu, limegharamia lori, na limeshuka kutoka 70 hadi 42. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kiliua mbwa kwa wingi baada ya kichaa kuingia mwaka 1997, na ugonjwa ukabaki. N'Djamena, Chad, walichanja kwa awamu mbili, 2012 na 2013, na maambukizi yakakatika kwa miezi kadhaa kabla ya kurudishwa na mbwa kutoka nje ya mji. Ndiyo maana kuchanja Kampala peke yake na kuziacha wilaya jirani za Wakiso na Mukono ni kazi nusu.

Sasa, mbwa aliyeuma. Hapa waokoaji wengi hujiharibia wenyewe: wanamficha, au wanamhamishia wilaya nyingine usiku. Mbwa huyo hatakiwi kupotea. Afungwe mahali palepale au kwenye kizimba kinachojulikana, aangaliwe siku 10, kwa maandishi, na daktari wa mifugo amwone mwanzoni na mwishoni. Siku 10 kwa sababu virusi huingia kwenye mate siku chache tu kabla ya dalili. Kama alikuwa anaambukiza siku aliyouma, atakuwa ameugua au amekufa kabla ya muda huo kwisha. Aliyeumwa yeye hangoji: jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha kliniki siku hiyohiyo. Mbwa akiwa mzima siku ya kumi, daktari wa kliniki anaweza kusimamisha sindano za chanjo zilizobaki, na hiyo ni nafuu kubwa kwa familia inayolipa dozi mojamoja. Mbwa akifa, kichwa kisipondwe wala kupigwa risasi, maana kinachopimwa ni ubongo. Mzoga ukae kwenye mifuko miwili ya plastiki na barafu hadi daktari achukue sampuli; mwokoaji asijikatie. Mbwa wa sumu aliyekwisha zolewa na lori la taka hawezi kupimwa tena, na hilo mwambie afisa waziwazi: ameua ushahidi wake mwenyewe.

Cheti cha chanjo nacho kina mipaka. Kinga hujengeka kwa takribani wiki tatu hadi nne, kwa hiyo cheti cha juzi hakimtetei mbwa aliyeuma leo. Dozi ni mililita 1, hurudiwa kila mwaka au kama mtengenezaji anavyoelekeza. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, nayo huharibika kwa njia mbili. Umeme ukikatika wikendi nzima, inapata joto. Ukiibeba kwenye boda boda chupa ikigusana na barafu ngumu, inaganda, na kuganda ndiko kunakosahaulika. Funga barafu kwa gazeti au kitambaa, weka kipimajoto ndani ya kasha, na chupa ya dozi 10 ikishafunguliwa iishe siku ileile. Rangi ya kupaka mgongoni kumtambulisha aliyechanjwa hudumu siku chache, kola huibwa. Alama ya kudumu ni kukata ncha ya sikio wakati mbwa amelala kwa upasuaji wa kufunga kizazi, na upasuaji huo ufanywe na daktari aliyesajiliwa. Kundi linalopasua bila daktari humpa afisa sababu safi ya kulifungia mlango, na hapo afisa ana haki. Anayeshika mbwa naye awe amechanjwa kabla: dozi siku ya 0, yaani siku ya kuanza, na ya 7. Akiumwa baadaye anahitaji mbili tu, siku ya 0 na ya 3.

Kama sumu imeshatupwa, kuna kidogo cha kuokoa. Dalili huanza kati ya dakika 10 na saa mbili: misuli inakakamaa, na kelele au mwanga huamsha degedege. Usimtapishe mbwa aliyekwisha kakamaa. Chumba chenye giza na kimya, kisha daktari mwenye dawa ya kutuliza. Striknini haina kiua sumu chake. Mabaki ya nyama huokotwa kwa glavu kabla ya watoto, nguruwe na kaloli (korongo wa majalalani) kuyafikia.

Barua kwa afisa iandikwe kabla ya haya yote, ukurasa mmoja: vijiji mlivyochanja, idadi ya mbwa kwa kila kijiji, tarehe, nambari ya toleo la chanjo, jina la daktari, na vizimba mnavyoweza kumwazima kwa ajili ya mbwa waliouma. Omba kitu kimoja tu, kwamba mtaa uliochanjwa usitupiwe sumu bila ninyi kuarifiwa kwanza. Nakala iende kwa LC1 na kwa RDC, mwakilishi wa rais wilayani, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa kabla hujatoka ofisini.